Mji Ninaomdai Emanueli

Nakutegea wewe kwanza, kabla sijamtegea mwanangu. Anatoka ardhini uchi, kichwa kinawaka moto. Akishavaa nguo, moto umezimika. Ni nani huyo?

Fikiri, sina haraka. Usiseme kiberiti, maana wajukuu wangu wote huanza na kiberiti. Na mshumaa usiutaje, mshumaa umeuona wapi ukivaa nguo?

Umeshindwa? Ungekuwa mjukuu wangu ningekudai mji. Ndiyo sheria ya vitendawili: aliyeshindwa anatoa mji, mtegaji anaupokea, anajidai ameutembelea akala na kunywa huko, halafu ndipo anatoa jibu. Lakini wewe ni mgeni, nakupa bure. Ni ua. Jina lake kwa Kiswahili silijui, na nimeuliza mpaka walimu. Ni jekundu, mviringo kama mpira wa matambara, vijisindano vitupu, na limesimama juu ya shina lisilo na jani hata moja. Mvua ya kwanza ya vuli ikilowesha udongo, linatoka. Linakaa siku chache tu. Majani yakianza kuja, ua limeshanyauka.

Basi shika jibu lako, na ukikutana na Emanueli usimwambie.

Mimi naitwa Waisiko, nakaa Genkuru, wilaya ya Tarime. Shule yangu iliishia darasa la saba, ila kutega vitendawili sijaacha mpaka leo, na miji nimepewa mingi. Kila aliyeshindwa naandika jina lake kwenye daftari, na mji alionipa. Gati mkubwa: Sirari. Gati mdogo: Mugumu. Vincent: Ikoma. Happy alinipa Dubai, akaambiwa na wenzake huo mji bibi atafikaje, akanibadilishia akanipa Ringwani.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu Winfrida aliponinunulia simu yenye kamera, nikalifungua lile daftari nikajiuliza: mtu una miji yote hii, na hujawahi kuiona? Nikaanza kuizungukia. Dereva wangu wa bodaboda ni Nashoni, mtu mzima mwenye watoto wanne, anaendesha taratibu na hapigi stori akiwa kwenye kona. Sirari nikapiga picha bustani ya mama mmoja aliyepanda mawaridi kwenye matairi ya lori. Tarime mjini nikapiga jengo la zamani la mahakama, na yale maua ya zambarau yanayopanda ukutani kwake kama mwizi. Kule Ikoma nikapiga kuta za ngome ya Wajerumani, na ua moja la njano lililoota kwenye ufa wa mawe, peke yake, wala halina habari na Mjerumani.

Halafu Ringwani, mji wa Happy. Unavuka Mto Mara unaingia wilaya ya Serengeti. Huko kuna kilima kina mawe yaliyopangwa na wazee wa zamani sana, mduara mkubwa wa ukuta usio na saruji wala udongo, jiwe limekalia jiwe. Wanasema watu walikaa humo ndani na ng'ombe wao, maadui wakija wanaziba lango. Shamba linalozunguka kilima ni la mama mmoja anaitwa Esta. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa ndani ya mduara jembe haliingii, na kwa hiyo lile ua langu la kichwa cha moto, ambalo kwetu halionekani tena tangu watu walime kila mahali, bado linatoka pale.

Ua hilo nililijua utotoni. Nikasema hili lazima nilipige picha. Mwaka jana nikachelewa, nikakuta majani matupu. Mwaka huu nikaenda mapema, mwezi wa nane, nitazame tu litatokea wapi. Ndipo nikakanyaga jiwe lililolegea pale langoni, nikaanguka, kifundo cha mkono kikatenguka.

Nashoni akanirudisha nyumbani nimefungwa kanga mkononi. Winfrida akaambiwa. Winfrida akampigia kaka yake Mwanza. Na ukitaka kujua watoto wako wana haraka kiasi gani, anguka.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi wakaja wote wawili wakakaa sebuleni kwangu. Emanueli ni mwanangu wa mwisho, ana cheo ofisini na tumbo la kufanana na hicho cheo. Kwanza akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia, akanywa uji, halafu akatoa simu kunionyesha picha.

"Chumba chako hiki, mama. Kitanda, feni, choo humo humo ndani. Hutoki nje hata mvua ikinyesha."

"Na hapa nje pameota nini?"

"Hapo ni uwanja. Tumesakafia wote, hakuna tope."

"Kwa hiyo hapajaota kitu."

Winfrida akaingilia. "Mama, umri wako ni miaka sabini na moja. Unapanda pikipiki, unavuka mto, unapanda milima kupiga picha mawe! Siku ukianguka ukiwa peke yako?"

"Sijaanguka peke yangu. Nashoni alikuwepo."

"Nashoni alikuwa chini anakula mahindi ya watu!"

Hilo lilikuwa kweli.

Emanueli akaniangalia machoni. "Mama, nijibu tu. Unakuja Mwanza au huji?"

Nilikuwa namkumbuka huyu mtoto. Katika nyumba yangu nzima, watoto na wajukuu, ni yeye peke yake ambaye hajawahi kunipa mji. Akiwa na miaka saba alikuwa akishindwa anakwenda kukaa nyuma ya zizi mpaka jua lizame, anafikiri, na wenzake wakimwambia toa mji tu twende tukale, anawatupia mavi ya mbuzi. Mara nyingi alipata. Asipopata, kesho yake anaendelea.

"Nikutegee," nikasema.

"Mama, hili si jambo la kitendawili."

"Unaogopa?"

Winfrida akashika kichwa. Lakini Emanueli alikuwa ameshasogea mbele kwenye kochi, nikajua nimempata. Nikamtegea hicho nilichokutegea wewe. Akarudia maneno polepole, kama anayaonja. "Anatoka ardhini uchi... Kiberiti?"

"Kiberiti kinatoka ardhini?"

"Mama, hiki umekitunga sasa hivi. Nikitaja chochote utasema siyo."

"Jibu lipo."

"Basi nilione kwa macho. Narudi na gari Jumamosi ya tatu kutoka leo. Siku hiyo uwe na jibu lako kwenye simu, umelipiga picha wewe mwenyewe. Usipokuwa nalo, unapanda gari. Nikilipata mimi kabla, unapanda gari."

"Na ukishindwa?"

"Nakupa mji."

"Mji nautaja mimi. Ukishindwa unanipa Genkuru. Nakaa kwangu, na safari zangu naenda."

Akanyoosha mkono. Nikampa wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado unauma.

Sasa elewa hali yangu. Jibu lenyewe lilikuwa bado ardhini, na mvua ilikuwa haijanyesha.

Wiki ya kwanza jua likawaka mpaka kuku wakawa wanatembea wamefungua midomo. Kila jioni nampigia Esta. "Mama Esta, mawingu?" Ananijibu, "Mama, mawingu ya kupita." Emanueli naye ananipigia mimi.

"Ni jogoo. Kichwa chekundu."

"Jogoo anatoka ardhini?"

Kesho yake: "Ni mlevi aliyelala mtaroni."

"Nani kakuambia hilo?"

"Watu wa ofisini. Nimewapa wote wafikirie."

"Waambie wafanye kazi."

Wiki ya pili mvua ikanyesha, siku mbili, ya kweli, ile inayokuja na harufu. Jumatano ya wiki ya tatu Esta akapiga. "Mama, yametoka manne! Ila moja mbuzi wamelikanyaga."

"Hayo matatu yazungushie miiba. Nakuja."

Nikafika pale na Nashoni nikakuta bado yamefumba, vichwa kama brashi ya kupaka rangi. Ukimpelekea Emanueli picha ya brashi atakuambia moto uko wapi. Nikamuuliza Esta yatafunguka lini. Akasema Ijumaa, Jumamosi. Ijumaa ikanyesha tena, Nashoni akagoma, akasema lile bonde lina tope la kumeza pikipiki, na hapo alikuwa na haki.

Ijumaa hiyo hiyo jioni ukaingia ujumbe wa Emanueli: *Mama nalala Tarime. Kesho nafika hapo 10:00.*

Nikashukuru Mungu. Saa kumi! Nina asubuhi nzima na mchana wote. Nitakwenda Ringwani, nitapiga picha, nitarudi, nitaoga, na yeye akifika jioni anikute nimekaa na jibu langu mapajani.

Jumamosi tukaondoka alfajiri. Njia ilikuwa mbaya, mara mbili nikashuka nikatembea kwa miguu Nashoni akisukuma. "Bibi," akasema, "hiyo picha huwezi kuipata kwenye intaneti?"

"Ya mtu mwingine? Mura, kijana wangu, mimi nataka ya kwangu."

Tulifika kilimani jua limeshapanda. Esta alikuwa anapalilia, akanisindikiza mpaka langoni akanionyesha lile jiwe lililolegea, akasema, "Hapa mama, pitia kushoto." Nikapitia kushoto. Ndani ya mduara majani yalikuwa bado yana maji, na katikati, ndani ya miiba ya Esta, nikayaona. Mawili yalishaanza kuchoka, pembeni yake ncha ya jani la kijani inachungulia, nguo hiyo inaletwa. Lakini la tatu, jamani! Shina tupu, na juu yake moto umewaka wote, hakuna kisindano kilicholala.

Picha ya ua haipigwi umesimama. Ukisimama unapata kichwa tu, shina linapotea, na mimi nilihitaji uchi wake uonekane. Nikatandika kanga, nikalala kifudifudi. Nikataka na ukuta wa mawe uonekane nyuma, ijulikane ni wapi. Nikashusha simu mpaka ikagusa udongo. Nikabana pumzi. Nikabonyeza.

Simu ikaniandikia: *Nafasi imejaa.*

Nikafuta maji ya majani kwenye kioo, nikabonyeza tena. *Nafasi imejaa.* Nikapitia zilizomo. Mawaridi ya Sirari, siyafuti. Ua la njano la Ikoma, hata kwa fimbo. Mahakama. Wajukuu. Nikashuka mpaka nikafika kwenye kile chumba cha Mwanza, Winfrida alikuwa amenirushia picha sita na video moja ya feni ikizunguka. Simu ikauliza, kufuta? Nikasema ndiyo. Ikauliza tena kama nina uhakika. Nikaiambia, kwa sauti kabisa, nina uhakika.

Nikapiga picha. Nikapiga nyingine na nyingine, kumi na moja, nikijisogeza kwa viwiko. Katika ile ya tisa jua lilikuwa limeingia kupitia kwenye vijisindano, na kila kimoja kilikuwa na tone la maji. Nikajua hiyo ndiyo.

Hapo nikasikia huko chini mtu anapiga kelele. "Mama! Mama!"

Ilikuwa sauti ya Emanueli.

Nikatazama simu. Ilikuwa saa sita kasoro. Nikajiuliza: amekujaje sasa hivi, saa kumi bado? Nikasimama juu ya jiwe nikachungulia. Gari lake lilikuwa limeachwa barabarani, tope mpaka madirishani, na mwenyewe anapanda kilima na viatu vyake vya ofisini, Esta mbele, Nashoni nyuma.

"Mama, uko mzima?"

"Niko mzima! Umewahi!"

"Nimewahi? Nimefika kwako saa nne kama nilivyokuandikia! Nyumba imefungwa, simu haishiki, jirani ananiambia umeondoka gizani kwenda kwenye mawe ya Ringwani! Unajua nilivyowaza?"

"Uliandika saa kumi!"

"Niliandika kumi ya simu! Kumi ya simu ni saa nne!"

"Sasa mwanangu, unamwandikia mama yako saa ya simu, au saa ya watu?"

Nashoni akageukia upande wa pili, mabega yanatikisika. Emanueli akataka kunijibu, akawa anapanda huku ananyoosha kidole, akafika langoni, na Esta akamwambia, "Kaka, pitia kushoto—" lakini yeye alikuwa ananitazama mimi. Akakanyaga jiwe lile lile. Likacheza. Akaenda chini na tumbo lake na cheo chake, suruali ikapasuka gotini.

Nikashuka kwenye jiwe langu nikamfikia, nikampa mkono. Nilimpa wa kulia, ule ule uliotenguka. Akaushika, nikamvuta, akasimama.

"Pole," nikasema. "Umeanguka. Tukuhamishie wapi?"

Esta hakuweza kujizuia, akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Emanueli akataka kukasirika, uso ukakataa. Akacheka na yeye, huku anajipangusa tope. Akaangalia mkono wangu, akaugeuza geuza kama daktari.

"Hauumi?"

"Ukiuminya hivyo utauma."

Akauachia. Ndipo akaangalia mahali alipo. Akauona ukuta unavyozunguka, akatembea kidogo akiupapasa. "Haya mawe hawakuyaunga na kitu?"

"Hakuna kitu. Jiwe limekalia jiwe."

"Na wewe ulikuwa unalala pale chini?" Alikuwa ameiona kanga yangu kwenye majani, na alama za viwiko vyangu kwenye udongo.

"Ndipo picha inapopatikana."

"Nionyeshe."

Na mimi, kwa furaha ya ile picha ya tisa, nikasahau yote. Nikampa simu. Akaitazama. Akaivuta karibu, akaitazama tena. Akarudi nyuma, akapita mahakama, mawaridi, kuta za Ikoma, ua la njano. Akaniuliza mara moja tu, "Hizi zote ulipiga wewe?" Nikamwambia zote. Akarudi kwenye ile ya tisa. Halafu akainua macho kutoka kwenye simu, akaliona ua lenyewe, hatua mbili mbele ya viatu vyake, limesimama.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Waisiko, nikajiambia, umejimaliza mwenyewe. Kitendawili bado hakijateguliwa, yeye hajasema ameshindwa, na wewe umemleta mpaka kwenye jibu ukamshikisha mkononi.

Akachuchumaa mbele ya lile ua. Suruali ikapasuka zaidi, hakujali. Akapitisha kidole kwenye shina kutoka chini kwenda juu, polepole.

"Anatoka ardhini uchi," akasema.

Nikasogea karibu.

"Kichwa kinawaka moto." Akageukia yale mawili yaliyochoka, akaigusa ile ncha ya jani. "Akishavaa nguo..."

Hakumalizia. Nilimwona uso, na ulikuwa uso ule ule wa mtoto wa nyuma ya zizi, siku zile alipokuwa akipata jibu na kukimbia kuja kulitema kabla hajasahau. Nashoni aliacha kucheka. Hata Esta alikuwa ameshajua, maana habari ya dau letu nilimwambia siku ile ya Jumatano, na alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili.

Sikutaka kumwomba. Sijawahi kumwomba mtu anipe mji ambao sikuushinda. Nikaokota kanga yangu, nikaikung'uta, nikajifunga vizuri kiunoni kama mtu anayeondoka safari.

"Nilikutegea wiki tatu zilizopita," nikasema. "Nakuuliza mara ya mwisho. Ni nani huyo?"

Emanueli akasimama. Akaifunga simu yangu, akaifuta kwa shati lake pande zote mbili, akanirudishia. Aliangalia ua, akaangalia mawe, akaangalia mkono wangu.

"Mama," akasema, "watu wa ofisini wote wamefikiri, na mimi nimefikiri mpaka nimechoka. Sijui. Nimeshindwa. Chukua Genkuru."